Uwiano wa wanga, mafuta na protini upimwe kwa upawa na kijiko

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie jambo ambalo kwa miezi kadhaa sasa limekuwa gumzo vibarazani hapa Tanga, kuanzia Makorora ninakoishi hadi Chumbageni na Raskazone, nalo ni hili la kupunguza uzito kwa kupanga ni sehemu gani ya chakula cha siku itoke kwenye wanga, ipi itoke kwenye mafuta na ipi kwenye protini. Nimefundisha sayansi kimu katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na sijapata kuona watu wazima wakiulizana habari za lishe kwa hamu kama wanavyoulizana sasa. Hamu hiyo ni njema. Kinachonisikitisha ni kwamba majibu wanayopewa yamegawanyika kambi mbili, moja ikisema adui ni wanga na nyingine ikisema adui ni mafuta, na kila kambi ina ratiba yake inayouzwa kwa simu, imejaa asilimia ambazo mpishi wa nyumbani hana njia ya kuzipima jikoni mwake.

Nianze na lililotufika nyumbani, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wangu, mwanamke wa miaka 52 mwenye kisukari anayetumia vidonge, alikuwa na uzito wa kilo 94. Mwaka jana alinunua ratiba ya mlo kutoka kwa mtu ambaye hakuwahi kuonana naye ana kwa ana. Ratiba ilimtaka aache wali, ugali, muhogo, viazi, mikate na hata matunda, ashike nyama, mayai, siagi na majani. "Dada, nimeambiwa wali ni sumu kwangu," aliniambia, na siku hiyohiyo nikamwona akiwagawia majirani mchele wote uliokuwa umebaki ndani ya debe. Baada ya siku 9 mizani ilionyesha amepungua kilo 4, akafurahi mno, nami nikanyamaza ingawa moyo wangu haukutulia. Siku ya 11 alikuwa akichagua nyanya katika soko la Mgandini alipoanza kutokwa na jasho jembamba, mikono ikamtetemeka, akaketi juu ya gunia la vitunguu asiweze hata kutaja mtaa anaoishi. Muuza vitunguu, Mungu ambariki, analea mama mwenye kisukari, hivyo alizitambua dalili zile, akakoroga sukari kwenye maji na kumnywesha kabla ya kutafuta bajaji ya kumpeleka hospitali. Alipopimwa, sukari yake ilikuwa bado chini.

Sababu yake haikuwa ya ajabu. Vidonge alivyokuwa akimeza ni vya aina inayolihimiza kongosho kutoa insulini, na kipimo chake daktari alikipanga akijua kwamba mgonjwa anakula wanga kila siku. Wanga ulipoondolewa kwa ghafla na vidonge vikabaki vilevile, insulini ikawa inafanya kazi bila ya kitu cha kuifanyia kazi, na sukari ya damu ikaporomoka. Aliyemuuzia ratiba hakumwuliza kama ana ugonjwa wowote wala kama anatumia dawa. Alimwuliza uzito, urefu na namba ya simu ya malipo.

Kuhusu zile kilo 4 za siku 9, wasomaji wenzangu wanapaswa kujua zilikotoka, kwa sababu ndizo zinazowafanya watu waziamini ratiba za namna hii. Mwili huweka akiba ndogo ya wanga ndani ya ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na maji yanayofika gramu 3 hivi. Mtu anapoacha wanga, mwili huitumia akiba hiyo katika siku za mwanzo, na maji yaliyoshikamana nayo hutoka kwa mkojo. Mizani hushuka kweli, lakini sehemu kubwa ya kilichoshuka ni maji, na siku atakaporudia sahani yake ya wali yatarudi nayo ndani ya siku chache. Mafuta ya mwilini hayaondoki kwa kasi hiyo: kilo moja ya mafuta hayo imebeba kalori zinazokaribia 7,700, na mtu anayepunguza kalori 500 kila siku kutoka kwenye mazoea yake hutarajia kupungua nusu kilo hivi kwa wiki mwanzoni, kisha mwendo hupungua kadiri mwili unavyokuwa mdogo.

Hesabu yenyewe ya vyakula si ngumu, nami niliifundisha kwa wasichana na wavulana wa kidato cha pili wakaielewa. Gramu moja ya wanga huupa mwili kalori 4, gramu moja ya protini nayo kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Msingi wa hesabu hii uliwekwa na mwanakemia wa Marekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo ndiyo inayotumika kwenye vibandiko vya vyakula madukani. Anayesema mgawanyo wake ni asilimia 45 wanga, 30 mafuta na 25 protini anazungumzia asilimia za kalori, wala si za uzito wa chakula kilicho katika sahani, na kwa kuwa mafuta yamebeba kalori zaidi ya mara mbili ya vile viwili vingine, asilimia 30 ya mafuta ni kiasi kidogo sana kwa macho. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Je, upo mgawanyo mmoja unaopunguza uzito kuliko mingine yote? Swali hili limechunguzwa kwa uangalifu. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Frank Sacks wa Chuo Kikuu cha Harvard walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu 811 wenye uzito uliozidi, waliopangiwa milo ya aina nne kwa miaka 2: mafuta yalikuwa ama asilimia 20 ama 40, protini ama 15 ama 25, na wanga ukatofautiana kutoka asilimia 35 hadi 65. Baada ya miezi 6 walikuwa wamepungua kilo 6 hivi kwa wastani, kisha baadhi ya kilo zikaanza kurudi, na miaka 2 ilipotimia upungufu uliobaki ulikuwa kama kilo 4, pasipo tofauti ya maana kati ya mgawanyo mmoja na mwingine. Waliohudhuria zaidi vikao vya ushauri ndio waliopungua zaidi. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, kundi moja likipunguza mafuta na jingine likipunguza wanga. Kundi la kwanza lilipungua kilo 5.3 kwa wastani na la pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema mshindi ni nani, ilhali ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua sana na walioongezeka uzito. Makundi yote mawili yaliambiwa yapunguze sukari na unga uliokobolewa, yale mboga kwa wingi, na yapike nyumbani kadiri inavyowezekana. Mimi nadhani maagizo hayo ya pamoja yanastahili kutangazwa kwa sauti kubwa kuliko ushindani wa kambi hizi mbili.

Ndiyo maana mapendekezo ya wataalamu kwa watu wazima hayatoi namba moja, bali mipaka mipana. Mipaka iliyowekwa na Taasisi ya Tiba ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambayo bado inatajwa mahali pengi, ni asilimia 45 hadi 65 kwa wanga, 20 hadi 35 kwa mafuta na 10 hadi 35 kwa protini. Ndani ya mipaka hiyo pana nafasi ya kutosha kwa mla bada, yaani ugali wa muhogo, wa Mkinga, mla wali wa Ngamiani na mla makande wa Lushoto. Mtu achague mgawanyo anaoweza kuishi nao miaka 2 mfululizo, kwa vyakula vinavyopatikana sokoni kwake, akiwa mezani au mkekani pamoja na watu wake. Ratiba ya mdogo wangu ilimtenga na sinia la familia kuanzia siku ya kwanza. Alikuwa akila peke yake jikoni, amesimama.

Baada ya mkasa ule tulikaa tukapima, na hapa naomba Mhariri unipe nafasi kidogo zaidi, kwa sababu tulichokiona kilinishangaza hata mimi niliyefundisha somo hili. Niliazima mizani ya jikoni kwa mwenzangu anayeoka keki za harusi, na kwa wiki nzima kila kilichoingia chunguni tukakipima na kukiandika kwenye daftari. Nyumbani tuko wanne. Kila siku tulikuwa tukikuna nazi mbili, moja ya wali mchana na moja ya mchuzi au mboga usiku. Nyama ya nazi ya wastani ina uzito wa gramu 400 hivi, na theluthi moja yake ni mafuta, yaani gramu zipatazo 130. Tuseme nusu ya mafuta hayo hubaki kwenye machicha. Inayopita kwenye kifumbu na kuingia chunguni ni gramu 65, ambazo ni kalori 585. Kwa nazi mbili na watu wanne, kila mmoja alikuwa akila karibu kalori 290 za tui kwa siku. Chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia ilikuwa ikituishia kwa siku 5, na lita hiyo ina kalori zaidi ya 8,000, kwa hiyo ukiigawanya kwa watu wanne na siku 5 kila mmoja anapata kama kalori 400. Hata tukitoa yale yanayobaki kwenye karai na kumwagwa, bado ni nyingi.

Mdogo wangu alikwisha kuacha sukari kwenye chai tangu alipogunduliwa na ugonjwa. Mimi nilikuwa bado, vikombe 4 kwa siku na vijiko vidogo 3 kwa kila kikombe, jumla gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, ambayo kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, tena likasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5. Nilikuwa nimeufikia ukingo kwa chai peke yake, kabla ya kugusa kitu kingine chochote chenye sukari.

Tuitazame hesabu hiyo. Tui na mafuta ya kupikia vilikuwa vikimpa mdogo wangu kalori zinazokaribia 700 kila siku, na hakuna hata mmoja wetu nyumbani aliyekuwa akiviita chakula. Vilikuwa ni viungo, ni ladha, ni namna ya kupika. Chakula kilikuwa wali na ugali, na hivyo ndivyo vilivyobebeshwa lawama zote. Yule aliyempangia ratiba alimwondolea sahani ya wali, akamwachia mafuta yote, akamwongezea na siagi.

Sisemi nazi iachwe. Mswahili wa pwani akiambiwa aache nazi ataitikia kwa adabu kisha atarudi nyumbani akaikune, na mimi sitamlaumu. Tulichofanya ni kukuna nazi moja badala ya mbili, tui la kwanza, kasimile yenyewe, tukaitia mwishoni kabisa chungu kikiwa karibu kuepuliwa, kwa sababu ikiingia mwisho ladha yake husikika zaidi kuliko ikichemka tangu mwanzo. Wali wa mchana tukaupika kwa maji na iliki. Mafuta ya kupikia tukaacha kuyamimina kutoka kwenye chupa. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni gramu 14 na kina kalori 120 hivi, kwa hiyo tukakifunga kijiko kwa uzi shingoni mwa chupa ili atakayeishika chupa akishike na kijiko. Samaki wa kukaanga tukamhamishia kwenye makaa. Kwa mwezi mmoja lita ile ya mafuta ikaanza kutuchukua siku 12.

Jambo la pili tuliloliona kwenye daftari lilikuwa upungufu wa protini, hasa asubuhi. Mahamri mawili na chai ya rangi hayana protini ya kutosha kumfikisha mtu saa saba mchana bila ya kutafuta kachori njiani. Protini ina sifa mbili zinazomsaidia anayepunguza uzito. Kwanza hushibisha kwa muda mrefu kuliko vile viwili vingine, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya kalori zake katika kuimeng'enya na kuichakata tu, wakati mafuta hayachukui zaidi ya asilimia 3 hivi. Pili huilinda misuli. Mtu anayekula kidogo bila ya protini ya kutosha hupoteza misuli pamoja na mafuta, na kwa mwanamke aliyevuka miaka 50 misuli ikiondoka kuirudisha ni kazi nzito, hasa ikiwa hatembei wala habebi kitu. Kiwango cha kawaida kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, na wengi wanaopunguza uzito hushauriwa wapande juu kidogo ya hapo. Walio na ugonjwa wa figo wasipandishe protini bila ya ruhusa ya daktari, na mama mjamzito asianze mpango wowote wa kupunguza uzito kwa kusoma barua yangu.

Watu huniambia protini ni ya wenye fedha. Nyama ya ng'ombe labda, lakini sisi tuna bahari. Anayefika soko la samaki la Deep Sea asubuhi, kabla jua halijawa kali, atapata fungu la vibua kwa bei ambayo nyama haiifikii, na gramu 150 za kibua aliyeiva zina protini gramu zipatazo 35. Dagaa wakavu ni hazina ambayo wengi wetu tunaidharau kwa kuwa tumeizoea: kiganja kimoja, gramu 30 hivi, kina protini karibu 18, ila walioanikwa kwa chumvi waoshwe vizuri kwa ajili ya presha, na ng'onda vilevile. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina protini 15, na kunde, choroko na mbaazi haziko mbali. Mayai mawili yana protini 12, bilauri ya mtindi ina 8. Mbaazi za asubuhi ni chakula bora kabisa, isipokuwa mazoea yetu ni kuzizamisha ndani ya kasimile na kuzisindikiza kwa unga wa ngano uliokaangwa. Tulipozipika kwa tui jepesi na kuzila na kipande cha muhogo wa kuchemsha, hakuna aliyelalamika nyumbani, na saa nne haikutukuta tukitafuta bajia.

Sasa nirudi kwenye wanga uliotukanwa. Daktari wa mdogo wangu alimpunguzia kipimo cha vidonge na kumtaka ale takriban kalori 1,600 kwa siku, nasi tukazigawa kwa asilimia 45 wanga, 30 mafuta na 25 protini. Kwa gramu ni wanga 180, mafuta 53 na protini 100. Gramu 180 za wanga si adhabu. Kipande cha muhogo cha gramu 100 asubuhi kina wanga 38. Kikombe cha chai kilichojaa wali ulioiva, gramu 150 hivi, kina 42. Ugali uliosongwa kwa gramu 60 za unga wa dona una 44. Kikombe cha maharage kina 40. Na chungwa moja la Muheza lina 15 hivi. Jumla ni 179. Amekula muhogo, wali, ugali, maharage na chungwa siku moja, na hajavuka mpaka. Kwa protini, kibua, dagaa, mayai mawili, mtindi na kikombe hichohicho cha maharage vinafikisha 88, na nafaka pamoja na mboga hukamilisha zilizobaki. Kwa mafuta, vijiko vikubwa viwili ni gramu 28, na nyingine hutoka kwenye samaki, mayai na mtindi zenyewe. Siku anayotaka tui, kijiko kimoja cha mafuta kinampisha.

Wanga wenyewe nao haufanani. Dona, bada ya makopa (muhogo uliokaushwa) yaliyosagwa vizuri, kunde na matunda yanayotafunwa yana nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe nyeupe, mkate mweupe na juisi iliyochujwa, na nyuzinyuzi huchelewesha sukari kuingia kwenye damu na kulipa tumbo uzito wa shibe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi na gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mchicha, matembele, kisamvu, bamia na mlenda vinajaza nusu ya sahani kwa kalori chache, mradi kisamvu hakijageuzwa kuwa supu ya nazi.

Ugumu mkubwa kuliko yote ulikuwa sinia. Tumezoea kula pamoja, nami nisingependa mila hii ife kwa sababu ya mizani, lakini mtu anayekula kwenye sinia hajui amekula kiasi gani, na mwenyeji mwema humsogezea mgeni finyango nono kila linapopungua. Mdogo wangu alianza kupakuliwa sahani yake kwa kikombe kilekile cha chai, kisha akaketi nayo pembeni mwa sinia pamoja na wengine, mazungumzo yaleyale, mkeka uleule. Wiki ya kwanza watoto walimcheka. Wiki ya tatu mkwewe alileta sahani yake mwenyewe.

Mwezi wa Ramadhani ulinitia hofu, kwa kuwa futari yetu ni muhogo wa nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati na sambusa kwa pamoja, nayo huliwa na mtu mwenye njaa ya kutwa. Kwa mgonjwa wa kisukari kufunga kwenyewe ni jambo la kuamuliwa na daktari, naye alipewa masharti yake. Kwa sisi tuliobaki ilitosha kuanza na tende, maji na mchuzi wa samaki mwepesi, kuswali, kisha ndipo kurudi kwenye vyakula vya wanga njaa ikiwa imekwisha kutulia.

Imepita miezi 8. Mdogo wangu ana kilo 86 na nusu. Hajafika kwenye uzito uliowekwa kwenye ile ratiba ya simu, ambayo ilimwahidi kilo 20 kwa miezi 3, lakini kiuno chake kimepungua sentimita 9, anapanda ngazi za nyumba ya binti yake bila ya kupumzika katikati, na hajapata tena kutetemeka. Mwezi wa nne na wa tano hakupungua hata nusu kilo. Nilimwonyesha daftari, tukagundua kijiko kilichofungwa shingoni mwa chupa kilikuwa kimekatika uzi na hakuna aliyekirudisha.

Ombi langu kwako Mhariri, na kwa wataalamu wa lishe wanaoandika katika gazeti lako, ni moja. Nchi yetu inayo Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa kwa sheria tangu mwaka 1973, na wataalamu wake wanao ujuzi wa vyakula vyetu kuliko muuza ratiba yeyote. Ukurasa wenu wa afya unapochapisha uwiano wa wanga, mafuta na protini, tafadhali msiishie kwenye asilimia. Tuandikieni upawa mmoja wa tui una mafuta kiasi gani, kikombe cha chai cha wali kina wanga kiasi gani, fungu la dagaa linawatosha watu wangapi, na bada ya ukubwa wa ngumi ni sawa na vipande vingapi vya mkate. Na kila mnapoandika kuhusu kupunguza wanga, wekeni juu kabisa, kwa herufi nene, kwamba anayetumia vidonge vya kisukari au insulini amwone daktari wake kabla ya kubadilisha mlo. Mdogo wangu angeyasoma maneno hayo. Gazeti hili hulinunua kila Jumapili, na ukurasa wa afya ndio anaouanza.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Makorora, Tanga